Faigao, Fabella, Fetalvero: majina adimu ya kisiwa cha Banton na amri ya mwaka 1849

(Hotuba iliyotolewa Maskati mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaopenda historia ya koo na majina. Imeandikwa kwa kufuata maneno yalivyosemwa, kwa marekebisho machache.)

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana wetu. Habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie majina ya ukoo ya Wafilipino, hasa yale yasiyosikika sana. Wengi wetu hapa tunafanya kazi pamoja nao, hospitalini, bandarini, mahotelini na majumbani. Tunayaona majina yao kila siku kwenye beji na kwenye rejista, na tumejenga mazoea ya kukisia asili ya mtu kwa jina lake. Akiitwa Garcia tunasema babu yake alikuwa Mhispania. Akiitwa jina tusilowahi kulisikia, tunasema huyu lazima ana chimbuko lake la pekee, pengine ukoo wa kifalme. Makisio yote mawili mara nyingi si kweli, na leo nataka nieleze kwa nini, nikianzia kwenye jina moja: Faigao.

Faigao ni jina adimu. Kwa sensa ya mwaka 2020 Ufilipino ina watu milioni 109, na katika hao akina dela Cruz, Garcia, Reyes, Ramos na Mendoza wamejaa kila upande. Jina dela Cruz limeenea hata raia wa kawaida wa nchi ile, yule asiye na cheo, huitwa Juan dela Cruz kwenye magazeti na katuni. Faigao haimo katika kundi hilo. Lakini shuka kwenye kisiwa kinachoitwa Banton, na hapo Faigao ni jirani tu miongoni mwa majirani.

Banton ni kisiwa kidogo cha mkoa wa Romblon, katikati ya visiwa vya Ufilipino. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 32, na wakazi wake ni elfu tano na ushei. Ni ardhi ya mawe na miinuko, na watoto wake wengi wamelazimika kuvuka bahari kutafuta riziki. Wana lugha yao, inaitwa Asi. Mwaka 1936, katika pango la Guyangan kisiwani humo, yalipatikana majeneza ya kale ya mbao, na pamoja nayo kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizofungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kina umri wa miaka 400 hivi, na kinahesabiwa kuwa kitambaa kikongwe kuliko vyote vya aina hiyo vilivyopatikana Asia ya Kusini-Mashariki. Nakitaja kwa makusudi. Waliozikwa na kitambaa kile walikuwa na majina. Kila mmoja aliitwa na mama yake, aliitwa na wenzake baharini, na hakuna hata jina moja kati ya hayo lililoanza na herufi ya F.

Maana Banton ya leo ni kisiwa cha herufi F. Sikilizeni koo zake: Faigao, Fabella, Fabellon, Fabregas, Faderanga, Fadriquela, Fajutagana, Falculan, Festin, Fetalino, Fetalvero, Fiedalan, Firmalo. Sijachagua haya ili kuipendelea hoja yangu. Hivi ndivyo watu wa kule wanavyoitwa. Na watu wa Banton walipohamia Odiongan na visiwa jirani, waliondoka na F yao. Hilo la Fabregas mnalijua kutoka kwenye mpira. Ni jina la Katalunya, na wanaoitwa hivyo Banton hawana ujamaa wowote na Katalunya.

Sasa, jambo linalonigusa mimi kuliko yote. Lugha nyingi za asili za Ufilipino hazikuwa na sauti ya F kabisa. Mpaka leo mtu wa kule hujiita Pilipino. Alfabeti ya taifa iliyopangwa mwaka 1940, iitwayo Abakada, ilikuwa na herufi 20 na F haikuwamo. Katika alfabeti ya mwaka 1987 yenye herufi 28 imo, ili majina ya watu na maneno ya kigeni yaandikike. Kwa hiyo kisiwa kizima kilipewa majina yanayoanza kwa sauti ambayo ndimi za wenyewe hazikuwa nayo. Mzee wa zamani akijitambulisha alitamka P. Karani akaandika F. Na kilichobaki ni kile alichoandika karani.

Nani aliyafanya haya? Aliitwa Narciso Clavería y Zaldúa, gavana mkuu wa Hispania katika Ufilipino kuanzia mwaka 1844 hadi 1849. Alikuwa mtu wa utaratibu, asiyevumilia kitu kilichokaa upande. Mwaka wake wa kwanza aliiondoa siku nzima kwenye kalenda. Ufilipino ilikuwa ikihesabu siku kwa kufuata upande wa Amerika, kwa sababu Wahispania walifika kwa njia ya Meksiko, hivyo ilikuwa nyuma ya majirani zake wa Asia kwa siku moja. Clavería akaamuru tarehe 31 Desemba 1844 isiwepo. Watu walilala Jumatatu tarehe 30 wakaamka Jumatano, mwaka mpya 1845. Mwaka 1848 alikwenda na meli za mvuke kuvunja ngome za Balanguingui kule Sulu, walikotoka wavamizi wa baharini waliowatesa watu wa visiwa kama Banton kwa vizazi, hadi wenyeji wakalizungushia kanisa lao ukuta wa ngome. Kwa hiyo huyu bwana aliwaondolea watu wa Banton hofu, na mwaka uliofuata akawaondolea majina. Historia ya ukoloni ina watu wa namna hii, na mimi sioni haja ya kumpunguzia sifa ya kwanza wala lawama ya pili.

Tarehe 21 Novemba 1849 Clavería alitoa amri ya majina ya ukoo. Malalamiko yake yalikuwa haya: wenyeji hawakuwa na majina ya ukoo yanayorithiwa. Mtu alibatizwa, akachukua jina la mtakatifu au neno la ibada, basi. Baba anaitwa Juan de la Cruz, mwanawe mkubwa Pedro San José, wa pili Mariano de los Santos. Maelfu kwa maelfu walikuwa de la Cruz na de los Santos bila udugu wowote, na ndugu wa tumbo moja walitofautiana. Kwa mujibu wa amri yenyewe, hali hiyo ilivuruga mahakama, serikali, fedha na usalama, na iliwatia mapadri mashakani walipotaka kujua kama wanaotaka kuoana ni ndugu wa karibu. Upande wa fedha ulikuwa mzito. Wenyeji walidaiwa kodi ya kichwa na kazi za lazima, na mkusanya kodi humpoteza kwa urahisi mtu mwenye jina linalofanana na la watu mia mbili.

Basi ikatengenezwa orodha. Wakuu wa mashirika ya watawa walikusanya majina yapata 60,000, yakapangwa kwa alfabeti. Yalitoka kwenye koo za Hispania, kwenye maneno ya wenyeji, kwenye mimea, madini, miji, milima na sanaa. Mengine yalikuwa na maana isiyofaa kumwita binadamu, kwa sababu waliokusanya hawakuwa wanazijua vizuri lugha walizokuwa wakizichota. Nakala zikapelekwa kwa wakuu wa mikoa, nao wakazigawa kwa miji kulingana na idadi ya watu. Katika kila mji walikaa paroko, wakubwa wa mji na wakuu wa barangay, yaani wale waliosimamia makundi ya kaya na kuzikusanyia kodi. Kichwa cha kila kaya kikachagua jina, au kikachaguliwa. Watoto wakalichukua. Walimu wa shule wakaagizwa kuhakikisha watoto wanajulikana na kuitana kwa majina mapya, na aliyerudi kwenye jina la zamani alikuwa na adhabu yake.

Angalieni ugawaji ulivyofanyika, maana humo ndimo ulimo ufunguo wa majina adimu. Mkuu wa mkoa alikuwa na orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti na miji kadhaa ya kugawia. Wengine hawakujisumbua: waligawa kurasa kwa mfuatano. Mkoa wa Albay ni mfano mashuhuri. Makao makuu ya mkoa yalipata A, pwani hadi Tiwi zikafuata B na C, upande wa Sorsogon ukachukua E hadi L, kisha bonde la ndani likaanza na M pale Daraga, Camalig ikapata N, Guinobatan O, Oas R, na mwisho wa alfabeti ukamalizikia kisiwa cha Catanduanes. Herufi zimetungwa kwenye mkoa kama shanga kwenye uzi. Kule Iloilo, mji wa Guimbal ukawa wa G, Oton wa O, Tigbauan wa T. Na Banton, kama nilivyosema, F.

Kwa hiyo tukiulizana asili ya jina Faigao, jibu la kwanza ni mahali na mwaka: Banton, baada ya amri ya 1849. Jina hili halithibitishi babu aliyetoka Hispania, wala halithibitishi udugu kati ya Faigao na Festin, japo herufi zimefanana. Kinyume chake kinawezekana pia. Ndugu wawili waliokuwa na kaya mbili tofauti siku ile wangeweza kuondoka na majina mawili tofauti, na wajukuu wao leo wakaoana bila kujua kwamba damu ni moja. Amri iliyotolewa ili kuwajulisha mapadri nani ni ndugu wa nani iliukata udugu mwingine mahali ambapo wenyewe walikuwa wakiujua vizuri bila karatasi.

Na uchache wake je? Jina linalopewa miji mia linakuwa na watu wengi hata kama kila mji ulikuwa na kaya mbili tu. Jina lililotoka kwenye ukurasa mmoja, likapewa kisiwa kimoja, na pengine kaya moja ya kisiwa hicho, linaanza na watu wasiozidi meza moja. Kisha mambo mawili yanaamua: watoto wa kiume na safari. Kwa desturi ya Kifilipino, mtoto huchukua jina la ukoo la baba mwishoni, na la ukoo wa mama hukaa katikati. Binti Faigao akiolewa na Ramos, wanawe ni akina Ramos wenye Faigao katikati; wajukuu wake hawana tena Faigao mahali popote. Kaya yenye mabinti watupu ndani ya vizazi viwili imetoka kwenye rejista, ingawa damu yake ipo na inatembea. Upande wa pili, kijana mmoja akihamia Mindoro au Cebu akazaa wana sita, jina linachipua mahali ambapo halikuwahi kupandwa.

Kwa sababu hiyo nawaomba mnaosoma hesabu za majina mtandaoni mzipokee kwa tahadhari. Zinahesabu tahajia, hazihesabu ukoo. Karani mmoja akikosea herufi, ukoo mmoja umekuwa majina mawili adimu. Ufilipino yenyewe ililiona tatizo hili hadi ikapitisha sheria mwaka 2001, Sheria ya Jamhuri namba 9048, inayomruhusu mtu kusahihishiwa makosa ya uandishi katika ofisi ya usajili bila kwenda mahakamani. Kabla ya hapo herufi moja ilikuwa kesi.

Wapo ambao wimbi la 1849 liliwapita. Amri ilisema anayeweza kuthibitisha kwamba ukoo wake umetumia jina lilelile kwa vizazi vinne aendelee nalo. Koo za watawala wa kale, kama za Lakandula wa Tondo na Tupas wa Cebu, zilihifadhiwa kwa jina kwa sababu ya heshima na misamaha yao ya kodi. Ndiyo maana bado utakutana na Gatmaitan na Gatdula, ambayo yamebeba "Gat", cheo cha wakuu wa Kitagalog, na kule Batangas utakuta majina marefu yanayoanza na Dima, kama Dimaculangan na Dimayuga, ya watu wasiopungukiwa na wasiotikisika. Haya yanapendeza sana na ningeweza kuyasemea usiku kucha, lakini nitayaacha hapo.

Wachina wana hadithi tofauti, na ni muhimu kuipambanua na ya Banton. Wahamiaji kutoka Fujian walipobatizwa na kukaa visiwani, jina zima la mzee, pamoja na neno la heshima "ko" la kumwita kaka, liliunganishwa likawa jina moja la ukoo. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jina Cojuangco, la familia ya Rais Corazon Aquino aliyetawala kuanzia mwaka 1986 hadi 1992: lilitokana na mzee mmoja mhamiaji aliyeitwa Co. Jina la namna hii likiwa adimu, uchache wake una maana ya damu. Wote wanashuka kwa mtu mmoja. Faigao na Cojuangco yote ni machache, yote ni ya Kifilipino, lakini njia zake ni mbili zisizokutana. La kwanza linakuonyesha kisiwa, la pili linakuonyesha mtu. Anayetafuta asili bila kupambanua hilo atapotea mapema.

Na lipo jina adimu la tatu, ambalo kila mtoto wa Ufilipino analijua kabla hajajua kuandika la kwake. Rizal, jina la José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa lao. Lipo kwenye mkoa, kwenye bustani kubwa ya Manila, kwenye sarafu ya piso moja, kwenye barabara ya kila mji. Ukoo wenyewe kwa asili uliitwa Mercado, jina alilochukua babu yao wa Kichina, Domingo Lam-co, na maana yake kwa Kihispania ni soko. Baada ya amri ya Clavería, Francisco Mercado, baba yake José, akaongeza Rizal, kutokana na neno la Kihispania la shamba linalochipua upya, lakini wenyewe waliendelea kujulikana kama Mercado. Mwaka 1872 mapadri watatu wazalendo, Gomez, Burgos na Zamora, walinyongwa Manila. Paciano, mtoto mkubwa wa kiume wa Francisco, alikuwa karibu sana na Padri Burgos, na jina Mercado likawa na harufu ya hatari. Mdogo wake José alipoandikishwa shule ya Ateneo mwaka huohuo, akaandikishwa Rizal. Baadaye José alimwandikia rafiki yake Ferdinand Blumentritt kwamba kutumia jina ambalo nduguze hawalitumii kulimfanya aonekane kama mtoto wa nje ya ndoa.

Tazameni basi. Kijana anaandikishwa kwa jina la pembeni ili asitambulike, na jina hilo ndilo linalokuja kutambulika kuliko majina yote ya visiwa vile. Wahispania walimpiga risasi tarehe 30 Desemba 1896 akiwa na umri wa miaka 35. Mtoto wake wa pekee hakuishi. Dada zake waliolewa, na watoto wao wakawa Herbosa, Hidalgo, Lopez, Cruz. Wazao wa familia ni wengi sana leo, lakini hawabebi Rizal. Hesabu ya majina peke yake ingekwambia familia hii ilikaribia kwisha, na ingekudanganya.

Turudi Banton. Nimetaja amri, makarani na kurasa, na sipendi muondoke mkidhani watu wa kisiwa kile walikuwa karatasi tupu ya kuandikiwa. Waliyachukua majina ya kupewa na wakayafanya yao kwa kazi zao. Cornelio Faigao alizaliwa Banton mwaka 1908, akahamia Cebu, akawa mshairi, mwandishi wa gazeti na mwalimu, hadi alipofariki mwaka 1959. Warsha ya waandishi chipukizi inayofanyika Cebu inaitwa kwa jina lake. Vijana wengi wa Kivisaya, yaani wa visiwa vya katikati, waliojifunza humo kuandika wamelitamka jina Faigao bila kuwahi kukiona kisiwa lilikotoka.

Gabriel Fabella naye alizaliwa Banton, mwaka 1898. Alikuwa mwanahistoria, akawa mbunge wa Romblon, na mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Historia cha Ufilipino. Wakati ule nchi yake ilikuwa ikisherehekea uhuru tarehe 4 Julai, siku ambayo Marekani iliwapa uhuru mwaka 1946, na ambayo ni sikukuu ya Marekani yenyewe. Fabella alishikilia kwamba uhuru wa Ufilipino ni tarehe 12 Juni, siku ambayo Emilio Aguinaldo aliutangaza nyumbani kwake Kawit mwaka 1898 baada ya kuwageuka Wahispania. Aliandika, alihutubia, alisukuma. Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal akatoa tangazo la kuihamisha sikukuu, na tangu hapo ni tarehe 12 Juni. Fabella anakumbukwa kama baba wa siku hiyo.

Mimi nalipenda sana jambo hili. Clavería aliifuta siku moja kwenye kalenda ya Wafilipino na akawapa majina kwa orodha. Miaka mia na kitu baadaye, mtu mwenye jina la herufi F, kutoka kisiwa kilichopewa herufi F, akawarudishia nchi nzima tarehe yao. Na rais aliyetia saini, Macapagal, alikuwa na jina la wenyeji ambalo amri ya 1849 haikulifuta, na familia yake ilijihesabu kuwa wazao wa Lakandula. Hata kisiwa chenyewe kilishapitia ya kubatizwa upya: mwaka 1918, enzi za Wamarekani, kiliitwa Jones, kwa heshima ya mbunge wa Marekani aliyepeleka muswada wa kuwaahidi Wafilipino uhuru. Wenyeji walikaa na Jones hadi mwaka 1959, ndipo jina Banton likarudi.

Vijana wawili wameniuliza kabla hatujaanza: rafiki yetu Mfilipino akitaka kujua asili ya jina lake, aanzie wapi? Nitajibu kwa ufupi.

Aanze na jina la katikati. Cheti chake cha kuzaliwa kina ukoo wa mama, cha mama yake kina ukoo wa bibi. Vyeti hivyo hutolewa na Mamlaka ya Takwimu ya Ufilipino, na sheria ya usajili wa raia inayotumika ilianza mwaka 1931. Kwa miaka ya kabla ya hapo atahitaji madaftari ya kanisa: ubatizo, ndoa, maziko. Mengi yaliungua, hasa katika vita vya Manila vya mwaka 1945, lakini mengi pia yalipigwa picha na yanaweza kutazamwa kupitia FamilySearch, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za koo. Akifika karibu na mwaka 1850 atagonga ukuta. Wazee wake watatoweka. Watakuwapo kwenye daftari lilelile, paroko yuleyule, lakini kwa majina mengine, na atalazimika kuwatambua kwa majina ya ubatizo, ya wake zao, ya wadhamini wa ubatizo na ya barangay waliyolipia kodi. Inawezekana, ila inataka subira na mtu anayesoma mwandiko wa zamani wa Kihispania. Na asisahau kuuliza herufi ya mji. Kama ukoo wake unaanza na herufi moja na mji mzima ukaanza na nyingine, huenda babu alihamia pale baadaye, na daftari analotafuta liko mji mwingine.

La mwisho ni kwetu sisi tunaofanya kazi kwenye masjala, mapokezi na ofisi za mishahara. Mimi mwenyewe nimo humo kwa miaka mingi. Fomu zetu nyingi zina nafasi ya jina la kwanza, la baba na la babu au kabila, kwa sababu ndivyo majina yetu yalivyo. Mfilipino akileta pasi, tunalichukua jina lake la katikati tukalidhania ni jina la baba, au tunaliacha kabisa kwa sababu mfumo umejaa. Jina hilo ni la ukoo wa mama yake, na kwa mwenye jina adimu ndiyo mara ya mwisho linaandikwa kabla halijatoka kwenye ukoo. Liandikeni lote, kwa tahajia ya kwenye pasi, kwenye nafasi yake, na kama mfumo una sehemu ya maelezo ya ziada, elezeni humo kwamba ni ukoo wa mama. Kazi yenyewe haichukui hata dakika moja.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nayakaribisha maswali, na kwa heshima tuanze na wazee.